Tuambiwe Kilichomo Ndani ya Chujio

Maji ni uhai, na hakuna aufahamuye ukweli huo kuliko mkaazi wa Griftu. Kaunti ya Wajir haina mto utiririkao mwaka mzima. Mtu na ngamia wake hutegemea visima na mabwawa ya maji ya mvua. Mvua ikikawia, maji hupungua na uchafu huzidi. Basi ajapo mtu na chombo cha kusafisha maji, sharti apokewe kwa shukrani. Hata hivyo, shukrani haimzuii mpokeaji kuuliza.

Miongoni mwa vyombo hivyo vimo vinavyotumia chembe za nano. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Kitu kikipunguzwa hadi chini ya nanomita 100 huweza kupata tabia mpya kabisa. Fedha ile ile ivaliwayo masikioni bila madhara, ikiwa katika chembe hizo, huua vijidudu vya maradhi. Manufaa ni dhahiri. Mwaka 2015, Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, Tanzania, alituzwa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza kwa chujio linalounganisha mchanga na nanomateriali. Anastahili pongezi.

Lakini kiuacho vijidudu hakibagui. Chembe za fedha zikimwagika majini huweza kuwadhuru pia viumbe wadogo wenye manufaa. Penye mto, maji huuchukua uchafu. Katika bwawa la Griftu, jua hukausha maji na kukiacha kilichomo kizidi kukolea. Je, chujio likichakaa litatupwa wapi?

Hatusemi haya ili kuwatisha watu. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba mirija mirefu ya kaboni, ambayo ni nanomateriali ya aina nyingine, ilipotiwa tumboni mwa panya ilileta madhara yanayofanana na ya asbestosi. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliihesabu aina moja ya mirija hiyo miongoni mwa vitu viwezavyo kuleta saratani. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku dioksidi ya titani katika vyakula, kwa kuwa wataalamu wake hawakuweza kuthibitisha kuwa ni salama.

Asbestosi nayo ilisifiwa zamani, na majengo mengi nchini mwetu yakaezekwa kwayo kabla ya hatari yake kukubaliwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sheria haituachi yatima. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inataja kanuni ya tahadhari, na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari kuhusu bidhaa. Kwa hiyo kila chombo chenye chembe hizi kiandikwe hivyo waziwazi, kwa Kiswahili na Kisomali. Maji yanayotoka humo yapimwe mara kwa mara, na anayekileta aseme atakichukua vipi kikiisha kazi.

Hatukatai elimu mpya, kwani kiu haingoji. Tunakataa tu kunyweshwa tusichokijua.