Kuirekebisha Programu Ingali Hai

Fundi wa saa huisimamisha saa kwanza, akaifungua, akatoa kipuri kibovu na kutia kizima, kisha akangoja aone kama itakwenda. Kwa miaka mingi watungaji wengi wa programu za kompyuta wamefanya kazi yao kwa namna iyo hiyo. Programu huandikwa, maandishi hugeuzwa kuwa maagizo ambayo mashine yaweza kuyafuata, ndipo programu huendeshwa. Kosa likitokea, programu husimama, mtungaji huyarudia maandishi yake, akasahihisha, akaanza tena tangu mwanzo. Je, haiwezekani kuisahihisha programu huku ikiendelea na kazi yake? Katika makala hii tutaeleza mazingira ya kutungia programu ambamo jambo hilo ni la kila siku, vyombo vyake, na tahadhari inayompasa kila anayevitumia.

Chimbuko lake

Wazo la kuijenga programu kwa vitu lilianzia Norway katika miaka ya 1960, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula ili kuiga ndani ya kompyuta shughuli za ulimwengu halisi. Kuanzia mwaka 1972, wazo hilo lilikuzwa na Alan Kay na Dan Ingalls, na baadaye Adele Goldberg na wengine, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, Marekani. Lugha yao waliiita Smalltalk. Nia yao ilikuwa kupata kompyuta ambayo hata mtoto aweza kuitawala, na watoto wa shule walishirikishwa katika kuijaribu.

Mwaka 1979 wageni kutoka kampuni ya Apple, miongoni mwao Steve Jobs, walionyeshwa mfumo huo. Jobs hakupendezwa na jinsi maandishi yalivyorukaruka yalipopandishwa katika kioo, akauliza kama yangeweza kupanda kwa mwendo laini. Kay amesimulia kwamba Ingalls aliitafuta sehemu inayohusika, akaibadili, na kabla ya dakika moja kutimia maandishi yakawa yanateleza kama mgeni alivyotaka. Mfumo haukuzimwa.

Kitu na ujumbe

Hilo liliwezekanaje? Katika Smalltalk kila kinachoshughulikiwa ni kitu: namba ni kitu, neno ni kitu, dirisha lililo katika kioo ni kitu, na hata vyombo vya kutungia programu ni vitu. Kila kitu kina hali yake, yaani habari kinazozihifadhi, na taratibu zake, yaani kazi kinazoweza kuzitenda. Vitu vya aina moja hushiriki taratibu zile zile, lakini kila kimoja kina hali yake mwenyewe. Navyo huagizana kazi kwa kupelekeana ujumbe. Kitu kipokeapo ujumbe, ndipo utaratibu unaolingana nao hutafutwa. Kwa hiyo ukiubadili utaratibu sasa hivi, ujumbe utakaofuata utatimizwa kwa utaratibu mpya.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme tunatunga programu ya kutunza akiba za wanafunzi katika duka la ushirika la shule. Akiba ya Asha ni kitu, na salio lake ni shilingi 500. Tumeandika utaratibu wa "weka", lakini tumesahau wa "toa". Tukikipelekea kitu hicho ujumbe "toa 200", hakitaufahamu. Hata hivyo programu haifi. Husimama tu, na dirisha la kusahihishia makosa hufunguka, likituonyesha mlolongo wote wa ujumbe uliotufikisha hapo. Tunauandika utaratibu uliokosekana humo humo, tunabonyeza kitufe cha kuendelea, na kazi huendelea kutoka pale iliposimama. Salio sasa ni shilingi 300.

Vyombo vingine

Kipo dirisha la kupekulia, lililobuniwa na Larry Tesler katika miaka ya 1970, ambamo aina zote za vitu na taratibu zake zimepangwa ili zisomwe na kubadilishwa. Lipo dirisha la kukagulia, ambalo hukionyesha kitu kimoja na hali yake kwa wakati ule. Upo pia ukurasa wa majaribio, ambamo twaweza kuandika sentensi moja tu na kuitekeleza papo hapo.

Vitu vyote kwa pamoja huhifadhiwa katika faili moja liitwalo taswira. Ukiihifadhi taswira jioni, asubuhi utavikuta vitu vyote, hata madirisha, kama ulivyoviacha.

Tahadhari

Sasa tukipelekee kile kitu cha Asha ujumbe "toa 400". Dirisha la kukagulia litaonyesha salio la -100, kwa kuwa hatukuweka sharti la kuzuia kutoa zaidi ya kilichopo. Tunaliongeza sharti hilo, na tangu hapo hakuna awezaye kutoa fedha asizo nazo. Lakini tukikikagua tena kitu cha Asha, tutaona salio lingali -100. Kuusahihisha utaratibu hakufuti yale uliyokwisha kuyatenda. Hali ya kitu hapana budi irekebishwe peke yake.

Taswira iliyotumika miaka mingi huweza kubeba mamia ya mambo ya namna hiyo, na programu ikafanya kazi kwa mtungaji lakini ikashindwa kwa mwenzake. Smalltalk huandika mabadiliko ya taratibu katika faili la pembeni, ili kazi isipotee kompyuta ikizimika ghafla. Hata hivyo yafaa mtungaji ayatunze maandishi ya programu nje ya taswira, na mara kwa mara aijenge programu upya katika taswira safi na kuipima.

Zoezi la darasani

Squeak, iliyotolewa mwaka 1996, na Pharo, iliyochipuka kutoka Squeak mwaka 2008, ni mazingira ya jamii ya Smalltalk yapatikanayo bila malipo, na hufanya kazi katika kompyuta za kawaida. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi mfano wetu wa akiba. Kabla ya kila ujumbe, kila mmoja aandike katika daftari salio analolitazamia, kisha afungue dirisha la kukagulia na kulinganisha. Wakifika kwenye -100, wajadiliane: je, salio la Asha lirudishwe kuwa 300, au liachwe kama deni? Kompyuta haiwezi kulijibu swali hilo. Mwenye duka ndiye mwenye kuamua, naye mtungaji hana budi kumwuliza kabla ya kugusa chochote.