Fahamu jinsi mchoro wa antena unavyoweza kukificha kitongoji kisicho na mawimbi

Na Mwandishi Wetu, Mafinga

Mji wa Mafinga, uliopo Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, umezungukwa na vilima na misitu ya kupandwa ya Sao Hill. Katika mazingira ya aina hiyo, vitongoji viwili vilivyo umbali sawa kutoka kwenye mnara vinaweza kutofautiana: kimoja kikasikia redio vizuri, kingine kikaambulia mkwaruzo. Huenda kilima kimezuia mawimbi, au antena yenyewe haipeleki nguvu ya kutosha upande huo. Tofauti hiyo ni muhimu, kwani tatizo la kilima huweza kuhitaji mnara mwingine, wakati la antena hurekebishwa mnarani.

Ili kuijua antena, wataalamu hupima nguvu ya mawimbi kuizunguka, katika sehemu zinazoonana na mnara. Wakipima kila baada ya nyuzi 10 hupata nukta 36, ambazo huwekwa kwenye mchoro wa duara. Umbali hulinganishwa, kwa sababu mahali pa wazi ukiongezeka maradufu mawimbi hupungua kwa desibeli 6. Upungufu wa desibeli 3 ni sawa na kupoteza nusu ya nguvu.

Nukta hizo zikiunganishwa, mstari huwa na kona nyingi, baadhi zikitokana na mawimbi yaliyogonga mapaa au magari. Hivyo mchoro hulainishwa kwa kukokotoa wastani wa nukta jirani, na mstari hurudi ulipoanzia, kwani nyuzi 360 ndizo nyuzi 0.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Chukulia nukta tatu jirani zilizo chini ya kilele kwa desibeli 3, 20 na 3. Wastani wa nguvu zake ni takribani desibeli 4.7 chini ya kilele. Kitongoji kinachopata sehemu moja tu ya mia ya nguvu kitaonekana kupata theluthi moja.

Kwa sababu hiyo, mbonyeo mkubwa haufutwi kabla ya kupimwa upya kwa nyuzi ndogo zaidi. Ukijirudia, ni wa kweli na unapaswa kubaki. Vilevile, nukta za awali huoneshwa pamoja na mstari uliolainishwa.

Mwananchi asiyepata mawimbi anashauriwa kumjulisha mtoa huduma wake, akitaja kijiji, kitongoji na muda wa tatizo. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Taarifa yake huenda ikawa ndiyo nukta inayokosekana kwenye mchoro.