Faiba Haifufui Mbao Iliyooza

"Fundi, nikiuvika faiba si utakuwa mpya?" Swali hilo huulizwa Mwigobero mjini Musoma, huulizwa Kibara na Kisorya upande wa Bunda, na mafundi wa mitumbwi wamelijibu mpaka limewachosha. Mwulizaji huwa na mtumbwi wa mbao uliokula miaka, unaovuja kiasi kwamba kijana mmoja hana kazi nyingine ziwani ila kutoa maji kwa ndoo. Ameona boti za faiba zikipita, nyepesi, laini ubavuni, ndani hamna tone. Anapiga hesabu. Mtumbwi mpya ni fedha nyingi. Ndoo chache za rezini na vitambaa vya nyuzi za kioo ni fedha anayoweza kuikopa kwenye kikoba. Basi aufunike mtumbwi wote, chini mpaka juu, na maji yatakosa njia.

Jibu ni hapana, na halibadiliki kwa mtumbwi wowote mkuukuu wa mbao zilizopigiliwa misumari.

Imani hii imepata nguvu tangu serikali ilipoanza kuwakopesha wavuvi wa Ziwa Victoria boti za kisasa za faiba. Boti hizo ni nzuri, lakini zimezaliwa faiba. Hutengenezwa ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, na unene wake hupimwa ili ubebe injini, nyavu na samaki bila kutegemea ubao. Kinachofanyika mwaloni ni kitu kingine kabisa. Tabaka moja au mawili hubandikwa juu ya mbao zilizolowa maji, mafuta ya samaki na oili ya injini, kisha mwenye mtumbwi anatarajia vitu hivyo viwili viishi kama kitu kimoja. Haviwezi, na sababu zake hazihitaji maabara kuzithibitisha.

Ubao hauachi kucheza. Ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na mabadiliko hayo huonekana kwenye upana wake. Urefu karibu haubadiliki. Ubao wenye upana wa sentimita 25 unaweza kupanuka na kusinyaa kwa milimita kadhaa. Mvuvi wa dagaa anaujua mwenendo huu vizuri kuliko mtu yeyote. Siku za mbalamwezi taa haziwavuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi huvutwa nchi kavu na kukaa juani. Giza linaporudi na mtumbwi kushushwa, siku ya kwanza unavuja kila mahali. Siku ya tatu umetulia. Mbao zimevimba, zimebanana zenyewe. Mtumbwi wa mbao huundwa kwa kutegemea mchezo huo. Faiba iliyokauka haivimbi pamoja na ubao wala haisinyai nao. Mwezi baada ya mwezi ubao unavuta, faiba inakataa, na kinachoachia ni mshiko ulio kati yao. Huachia kwanza kwenye maungio ya mbao, pale pale palipokuwa panavuja mwanzoni.

Mshiko wenyewe ni dhaifu tangu siku ya kwanza. Rezini inayouzwa kwa wingi ni ya poliesta. Hiyo hushikana vizuri na faiba nyingine, lakini kwenye ubao haishiki sana hata ubao ukiwa mkavu na msafi. Mvule, ambao mafundi wa ziwa hili wameuthamini kwa kuwa hauozi upesi, una kemikali za asili zinazoulinda, na hizo hizo huizuia poliesta isikauke sawasawa. Epoksi hushika vizuri zaidi, ila ni ghali, nayo pia hudai ubao mkavu. Mtumbwi uliokaa majini kwa miaka hauwi mkavu kwa wiki moja ya jua la Musoma. Kinachokauka ni uso. Ukiupasua ubao katikati utaukuta bado una maji, na mwenye mtumbwi anayeharakisha ili asipoteze msimu ndiye anayemwaga rezini juu ya maji hayo.

Halafu kuna kuoza kwenyewe, jambo ambalo wauza faiba hawalitaji kabisa. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji joto, hewa na unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa ubao mkavu. Joto la mkoa wa Mara linatosha mwaka mzima. Ubao uliozama muda wote huoza polepole kwa kukosa hewa, na ubao mkavu hauozi. Unaoliwa haraka ni ule ulio kati ya hali hizo mbili, na faiba huutengeneza kwa ustadi mkubwa. Maji hayaingii kwenye mtumbwi kutoka chini peke yake. Mvua hunyesha ndani yake, nyavu huchuruzika, samaki huja na maji yao. Yote hayo hupenya ubao kutoka upande wa ndani, hufika kwenye faiba na kukosa pa kutokea. Akina mama wanaotaka muhogo uvunde haraka huufunika ungali na unyevu. Mtumbwi mkuukuu uliovikwa faiba unavundikwa vivyo hivyo.

Wapo wanaoleta mfano wa pwani na kusema vyombo vya Tanga na Bagamoyo hufunikwa tumboni na hudumu. Kule adui ni mwingine. Bahari ina mdudu anayetoboa mbao, ndiyo maana majahazi yalipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Chumvi ya bahari, kwa upande wake, huwapunguza nguvu kuvu. Ziwa Victoria ni maji baridi: mdudu yule hayupo, lakini chumvi nayo haipo. Fundi anayeiga dawa ya bahari kwa ugonjwa wa ziwa hajaupima ugonjwa.

Misumari nayo haiachi kuliwa na kutu kwa kufunikwa. Msumari wa chuma unapoliwa, ubao unaouzunguka hulainika, tundu hupanuka, na taruma, yaani mti wa kiunzi cha ndani, lililoshikwa na msumari huo hubaki limeegemea tu ubavuni. Chini ya faiba hakuna anayeona. Hii ndiyo hatari inayostahili kuwekewa mkazo kuliko fedha zilizopotea. Mtumbwi unaovuja humwonya mwenyewe kila siku. Ukivikwa faiba hunyamaza, huku mataruma yanaoza na uzito unaongezeka kwa maji yaliyonaswa. Unaelea chini zaidi kuliko zamani, mwenyewe anaona umepona, anaongeza mzigo, na wimbi la mchana la Ghuba ya Speke linakuja kupima kazi ya fundi.

Ziwa hili halisamehe. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika Ziwa Victoria. Mwishoni mwa Julai 2023, mitumbwi miwili ilizama kata ya Igundu, wilayani Bunda, na zaidi ya watu kumi wakafa. Hakuna sababu ya kuihusisha faiba na ajali ile. Imetajwa hapa kwa sababu mitumbwi ya kando ya ziwa hubeba watu pamoja na samaki, na anayeficha ubovu wa mbao anauficha kwa abiria pia.

"Mbona wa jirani ulivikwa na bado unaenda?" Ndiyo, unaenda. Mwaka wa kwanza yote huenda. Swali la kumuuliza jirani ni hili: amewahi kuutoboa ubao kwa kisu kutoka ndani tangu auvike? Faiba juu ya mbao ina mahali pake: chombo kipya, mbao nyembamba au plaiwudi kavu, epoksi, na kitambaa kilichowekwa pande zote kabla chombo hakijaonja maji. Mtumbwi wenye miaka kumi ya sangara na dagaa hauingii humo.

Lami na oili chafu, ambazo wengine hupaka badala ya faiba, hazistahili nafasi kubwa. Lami ya barabarani hukakamaa, hupasuka juani na kuficha nyufa. Oili chafu hulainisha kalafati, yaani pamba inayoziba maungio ya mbao, huzuia rangi isishike, kisha humwagika kwenye maji ambayo watu wa Musoma wanayanywa.

Sasa yanayofanya kazi, kwa haraka.

Kwanza hakikisha mtumbwi ni mgonjwa. Kama ulikaa nchi kavu wiki kadhaa, uzamishe kidogo kwenye maji ya ufukweni siku mbili au tatu kabla ya kumwita mtu yeyote; mingi hupona hapo bila gharama. Ukiendelea kuvuja, utoe, uugeuze, uweke kivulini na si juani, na weka alama ya chaki kila penye unyevu unaochelewa kukauka. Chukua kisu chembamba. Choma mkuku (uti wa chini wa mtumbwi), miguu ya mataruma, kingo za juu na ncha za mbao. Kisu kikizama bila kupingwa, ubao huo umekwisha. Ukatwe mpaka ufikie mbao nzima, si mpaka ufikie mbao inayoonekana nzima. Gonga kwa nyundo: mlio mkavu ni mzuri, mlio mzito wa kufifia ni ubovu.

Badilisha mataruma kabla ya mbao za ubavuni, moja moja, ili umbo la mtumbwi lisipotee. Kiungo cha ubao mpya na wa zamani kikatwe mshazari mrefu, angalau mara nane ya unene wa ubao, na kisikae mkabala na kiungo cha ubao wa jirani. Misumari iwe ya chuma kilichopakwa zinki, ipenye mpaka ndani na ncha ikunjwe. Msumari mpya usirudishwe kwenye tundu la zamani. Kalafati iwe pamba safi, ipigwe kwa patasi butu bila kuijaza kupita kiasi, maana mbao zikivimba zitaisukuma misumari. Rangi ije mwisho, nje na ndani, juu ya ubao uliokauka.

Mkuku ukiwa umeoza katikati, acha. Toa misumari, chukua mbao nzima, tafuta fedha ya mtumbwi mwingine. Fedha ya faiba iwe mwanzo wa fedha hiyo.

Na anayepata boti kuukuu ya alumini asiifanyie haya ya mtumbwi wa mbao. Humo maji hupita kwenye ribiti zilizolegea: ijaze maji ikiwa nchi kavu, angalia yanapotokea nje, kaza au badilisha ribiti hizo kwa ribiti za alumini, si misumari wala boliti za chuma cha kawaida. Rangi yenye shaba isiiguse, kwa sababu shaba huila alumini. Ufa usipelekwe kwa mchomeleaji wa mageti: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selisiasi huku utando wa oksidi juu yake ukistahimili zaidi ya 2,000, na kuuchomelea kunahitaji mashine ya gesi ya agoni na mkono uliofundishwa kazi hiyo. Ubao uliooza wa kushikilia injini kwenye tezi ndio ubadilishwe kabla ya kingine chochote, kwani hapo ndipo injini hung'oka ikiwa katikati ya safari.