Gari limezeeka: ulitengeneze, ulivumilie au uliuze?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowanyima usingizi watu wengi wa mjini, ingawa hudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao. Gari lako limezeeka na limeanza kusumbua. Je, ulitengeneze, uendelee nalo hivyo hivyo, au uliuze ununue jingine?

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya jirani yangu hapa Mbagala, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Mwalimu tu. Gari lake ni dogo, lilitengenezwa Japani mwaka 1998, naye analo tangu 2009. Mwezi uliopita lilimchemkia Barabara ya Kilwa, pale Mtongani, akiwa njiani kwenda Kariakoo. Akalivuta hadi gereji. Fundi akafungua boneti, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa: "Mzee, injini imekufa. Hapa ni kutafuta injini nyingine." Bei ya injini ya mtumba pamoja na kuifunga ilikuwa Sh 2,800,000.

Jioni ile mwanawe mkubwa akaja na shauri lake. Alikwisha kupata mtu wa kulinunua gari lilivyo kwa milioni 3. Baba aongeze milioni 11 kutoka kwenye kiinua mgongo chake, apate gari jingine la milioni 14 ambalo halitampa taabu. Mwalimu akanijia na daftari mkononi. "Mwanangu, wewe unazungumza redioni, hebu nisaidie kufikiri. Fedha hii ikiisha, sina nyingine."

Nami nikamwomba jambo moja kwanza: kabla hajaamua chochote, apate fundi wa pili, asiyeuza injini. Simwiti yule wa kwanza mwizi, la hasha. Lakini mtu anayepata chake kwa kufunga injini ya mtumba ataiona injini iliyokufa haraka kuliko mtu anayepata chake kwa kupima. Aidha, injini ya mtumba nayo ni kitu usichokijua. Hujui ilitembea kilometa ngapi wala kama ilipata kuchemka huko ilikotoka. Na kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukiibadili unajiingiza pia katika shughuli ya kurekebisha kadi.

Fundi wa pili alikuja na kifaa cha kupimia kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Kinafungwa mahali pa plagi, unapiga stata, unasoma. Silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa na nguvu nzuri. Ya pili na ya tatu zilikuwa chini sana, na kwa kiasi kinachokaribiana. Akamimina oili kidogo katika zile dhaifu akapima tena. Hazikupanda.

Hapa pana elimu ambayo kila mwenye gari angefaa kuwa nayo. Kama ringi za pistoni zimekwisha, ile oili huziba mwanya kwa muda na nguvu hupanda. Isipopanda, ugonjwa uko juu, kwenye valvu au kwenye gasketi ya silinda hedi. Na silinda mbili zinazopakana zikianguka pamoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yao. Silinda hedi ikafunguliwa, na kweli gasketi ilikuwa imeungua pale pale. Ikapelekwa kwa mtu wa kukereza ikasawazishwa, ikafungwa na gasketi mpya.

Lakini fundi huyu hakuishia hapo, na ndipo nilipompenda. Aliuliza kwa nini gari lilichemka. Rejeta ilikuwa imejaa kutu na uchafu kwa sababu ya miaka mingi ya kutiwa maji ya bomba. Halafu thamostati haikuwepo! Fundi fulani wa zamani aliing'oa akisema kuwa hii ni nchi ya joto, haina kazi. Wengi wetu tumeambiwa hivyo. Ukweli ni kwamba kile kifaa kidogo huisaidia injini kufikia joto lake la kazi upesi na kubaki humo. Kikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu zaidi baada ya kuwashwa, ikala mafuta mengi na kusagika upesi. Na katika baadhi ya injini maji huzunguka njia ya mkato bila kupita vizuri kwenye rejeta. Thamostati ikarudishwa, rejeta ikazibuliwa, maji ya bomba yakaachwa na kutiwa maji maalumu ya rejeta. Jumla, pamoja na ufundi, Sh 580,000.

Sasa basi, je, ilifaa kuzitumia Sh 580,000 hizo kwa gari la mwaka 1998? Watu wengi hujibu kwa kulinganisha gharama ya matengenezo na bei ya gari. Husema, gari lenyewe ni la milioni 3, utalitengenezaje kwa hela yote hiyo? Mlinganisho huo unapotosha. Unachopaswa kulinganisha ni gharama ya kuwa na gari hili kwa miaka michache ijayo, na gharama ya kuwa na lile jingine kwa muda ule ule.

Tukafungua daftari. Kama ilivyo kawaida ya walimu, yeye huandika kila kitu. Kwa miezi 24 alikuwa ametumia Sh 1,460,000 bila kuhesabu petroli: tairi nne 520,000, betri 180,000, shokomzoba mbili za mbele 240,000, breki pedi 90,000, na zilizobaki ni oili, chujio na vitu vidogo vidogo. Tazameni orodha hiyo vizuri. Tairi, betri, breki na shokomzoba si ugonjwa wa uzee. Gari lolote litazidai, hata la milioni 14, na pengine kwa bei kubwa zaidi. Ukiongeza zile 580,000 unapata Sh 2,040,000, sawa na Sh 85,000 kwa mwezi. Gari lenyewe nalo linashuka thamani. Tuseme baada ya miaka mitano litauzwa milioni moja na nusu badala ya milioni 3. Hiyo ni Sh 25,000 nyingine kwa mwezi. Jumla, 110,000.

Na lile la milioni 14? Tuseme baada ya miaka mitano atalipata la kuuza kwa milioni 6. Milioni 8 zitakuwa zimeyeyuka katika miezi 60, yaani zaidi kidogo ya Sh 133,000 kila mwezi, na hapo hajanunua tairi wala kumwaga oili. Hii ndiyo gharama isiyotolewa risiti, na kwa kuwa hatuioni, tunajidanganya kuwa haipo. Hizi ni hesabu za Mwalimu, zako zitakuwa na tarakimu nyingine, lakini njia ya kuzipiga ni hiyo hiyo.

Tukumbuke pia kwamba tunaposema "gari jipya" hapa mjini, mara nyingi tunasema mtumba. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na magari yao hupita kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken, wa kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, hivyo wengi huona heri kuyauza. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8, na Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi hatukufunga mlango, tuliweka kodi ya uchakavu.

Chukua gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 10, injini ya cc 1,300, ambalo mpaka kufika bandarini thamani yake ni milioni 6. Kwa viwango tulivyovizoea, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 1.5. Ushuru wa bidhaa asilimia 5, na ule wa uchakavu asilimia 30, vyote vikipigwa juu ya milioni 7.5, vinaleta Sh 2,625,000. Kisha VAT asilimia 18 ya jumla hiyo, Sh 1,822,500. Utaona kwamba kodi peke yake imekaribia milioni 6, bei ya gari lenyewe, na tozo ndogo ndogo bado. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo kabla ya kutuma fedha angalia kikokotoo cha TRA. Ninachotaka mwone ni kwamba katika milioni zile 14, sehemu kubwa haiendi kwenye ubora wa gari.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila gari kuukuu litunzwe. Hesabu ya Mwalimu inafaa kwa sababu yeye hatembei sana: Kariakoo mara mbili kwa wiki, kanisani, na kumpeleka mjukuu kliniki. Kwa mtu wa teksi anayekwenda kilometa 3,000 kwa mwezi mambo hugeuka. Gari linalokwenda kilometa 8 kwa lita litamla lita 375. Linalokwenda 12 litamla 250. Lita 125 za tofauti, tukizichukua kwa Sh 3,000 kila moja, ni Sh 375,000 kwa mwezi. Huyo abadilishe. Itakumbukwa kuwa ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na badala yake Sh 40 zikaongezwa kwa kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari lililoegeshwa halidaiwi ada hiyo, lakini lenye kiu linalipa kila linapofika kituoni.

Liko jambo jingine ambalo halina hesabu, nalo ni kutu. Hapa nazungumza kwa aibu.

Miaka ya nyuma nilikuwa nakaa Kigamboni, karibu na bahari, na gari langu lililala nje usiku na mchana. Chini ya kapeti sakafu ikaoza. Fundi akachomelea bati. Miezi michache baadaye akachomelea tena, mahali mkono wa gurudumu la mbele unapofungwa. Mara ya tatu aliniambia wazi kuwa chuma cha kushikia weldingi hakipo tena. Nami nikamjibu kwamba nimekwisha kutia milioni 2.7 katika miezi tisa, siwezi kuliacha sasa. Maji yaliyokwisha kumwagika nilikuwa bado nayahesabu ndani ya ndoo! Mwaka 2016, tukiteremka Kimara, ule mkono uling'oka, gurudumu likalala kando, na gari likazunguka katikati ya barabara. Pembeni yangu alikuwa mtoto wa dada yangu, wa darasa la tano. Daladala iliyokuwa nyuma ilifunga breki na kusimama karibu kiasi kwamba nilimwona kondakta akifumba macho. Hatukuumia. Mtoto yule hakulia wala kusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Injini iliyochoka itakuacha njiani. Bodi iliyooza inaweza kukuua. Kwa hiyo ukitaka kujua kama gari linastahili fedha yako, anza chini kabla ya kufungua boneti. Lala chini ya gari lililokingwa barabara, si kwa jeki peke yake, chukua bisibisi na uchokoe pale mikono ya magurudumu inapofungwa, chini ya milango na nyuma ya matairi. Bisibisi ikizama, usilipe hata shilingi ya injini. Na ukiwa na sumaku ndogo ipitishe juu ya bodi ya chuma. Pasipoishika, chini ya ile rangi nzuri pana puti tupu. Ukienda kununua gari jingine, sumaku na bisibisi hiyo uende navyo pia.

Tulilichokoa gari la Mwalimu asubuhi nzima. Kulikuwa na kutu ya juu juu kwenye bomba la moshi na chini ya mlango mmoja, basi. Mwanawe alikuwepo, na kwa haki yake niseme alikubali, ingawa alinung'unika kwamba baba yake ataonekana vile vile barabarani. Nadhani hilo ndilo lililokuwa likimuuma zaidi, na sikuona sababu ya kumbishia.

Mwalimu ameandika ukurasa wa mwisho wa daftari mambo mawili: gari likidai zaidi ya milioni moja na nusu katika mwaka mmoja, ukiacha tairi na betri, ataliuza; na kutu ikifika inapofungwa mikono ya magurudumu, ataliuza siku hiyo hiyo, kwa kukatwa spea. Kila mwezi anaweka Sh 60,000 kando kwa ajili ya siku hiyo.

Nikamwongezea la tatu, kwa kuwa mimi mwenyewe lilinipata nilipoliuza lile langu kwa mtu wa spea bila kumaliza mambo ya kadi. Ukiuza gari, hata kama ni mkweche, nendeni TRA mkabadilishe umiliki kabla hujampa funguo. La sivyo faini za barabarani zitaendelea kufuata jina lako, na huyo uliyemuuzia simu yake haitapatikana.