Si Watoro, Msitu Ndio Kwao

Nimefika Kapseret, karibu na mji wa Eldoret. Kaskazini mashariki ya hapa iko milima ya Cherangany na msitu wa Embobut, wanamokaa Wasengwer. Sisi wa pwani humdhania mtu wa mwituni kuwa ameukimbia ulimwengu. La hasha! Hao ni warina asali, na msitu ndio mji wao, kama walivyo ndugu zetu Waislamu wa Lamu tuwaitao Waboni.

Januari 2014 askari walizitia moto nyumba za Embobut, ati kuhifadhi msitu. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kuwa Kenya ilivunja haki za Waogiek wa Mau. Wasengwer hawajapata hukumu kama hiyo. Basi msomaji, akaaye kwao huitwaje mtoro?