Kompyuta Inapokataa Mtandao wa Nyumbani

Tuitazame nyumba moja ya mfano, viungani mwa mji wa Kampala, saa mbili za usiku. Binti wa nyumba hiyo amemaliza kuandika maombi yake ya kujiunga na chuo cha ualimu, na mwisho wa kuyapokea ni saa sita usiku huo huo. Anaifungua kompyuta mpakato ya baba yake, nayo inamwambia kwamba imeungana na mtandao wa nyumbani lakini haina intaneti. Mama anashauri aitwe fundi. Baba anasema kompyuta imezeeka. Kaka mdogo, kwa nia njema ya kusaidia, amekwisha kubonyeza vitufe vitano asivyovijua.

Taharuki ya namna hii huzikuta nyumba nyingi siku hizi, na aghalabu huleta hasara kubwa kuliko ubovu wenyewe. Mtu aweza kumlipa fundi fedha za chakula cha juma zima, naye fundi akafuta kila kilichomo katika kompyuta, picha za harusi na hesabu za duka zikapotea, ilhali kilichokuwa kibovu ni plagi iliyolegea. Yafaa basi kila nyumba yenye chombo hiki ijue utaratibu mfupi wa kutafuta kosa kabla ya kutoa fedha.

Mama akikuta bomba la jikoni limekauka, hang'oi bomba hapo hapo. Kwanza hutazama bomba la uani, kisha tangi, kisha huuliza kwa jirani. Mtandao nao ni vivyo hivyo. Habari hutoka katika kompyuta, ikapita hewani kwa njia ya waifai hadi kwenye ruta, na kutoka hapo ikaenda kwa kampuni inayouza intaneti. Kazi ya mtafutaji ni kujua njia imekatika wapi.

Kuiuliza simu

Hatua ya kwanza ni kuchukua simu ya mtu yeyote wa nyumbani, kuzima intaneti ya laini yake, kisha kuiunganisha na waifai ile ile. Simu nayo ikikosa mtandao, kosa huenda liko kwenye ruta au kwa kampuni, na kompyuta haina hatia. Simu ikipata mtandao, ruta na kampuni ni wazima, na kosa litafutwe katika kompyuta. Swali hili moja hupunguza kazi kwa nusu.

Vyombo vyote vikikosa

Hapo hapana budi kuitazama ruta. Je, taa zake zinawaka? Plagi imekaa sawasawa? Bando halijakwisha? Umeme ukikatika na kurudi, ruta nyingine huwaka lakini hushindwa kufanya kazi yake vizuri. Dawa yake ni kuizima, kungoja nusu dakika, kuiwasha tena, na kuipa dakika mbili au tatu ijipange. Lakini kile kitufe kidogo kilichojificha ndani ya tundu kisiguswe. Kukibonyeza kwa muda mrefu hufuta mipangilio yote, na ruta hurudi kama ilivyotoka kiwandani.

Ikiwa jirani anayetumia kampuni ile ile naye hana mtandao, basi ubovu uko mbali na nyumba. Uganda haina pwani, na mawasiliano yake mengi na ulimwengu hupita Kenya hadi kwenye nyaya zilizolazwa baharini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, anayefungua na kufunga kompyuta yake hujisumbua bure.

Kompyuta peke yake ikikosa

La kwanza, itazamwe kama waifai ya kompyuta imewashwa. Kompyuta nyingi zina kitufe cha kuizima, na nyingine za zamani zina swichi ndogo ubavuni. Kitambaa cha kufutia vumbi kinatosha kuisogeza. Itazamwe pia kama kompyuta haikuwekwa katika hali ya ndegeni, ambayo huzima mawasiliano yote ya hewani.

La pili ni neno la siri. Herufi kubwa na ndogo si sawa, na sifuri si herufi O. Neno likiwa limebadilishwa, kompyuta yaweza kuendelea kulitumia la zamani. Basi iamriwe kuusahau mtandao ule, kisha neno jipya liandikwe polepole.

La tatu ni mahali. Ukuta wa zege na kabati la chuma hudhoofisha mawimbi. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 5 huenda kasi lakini hayapenyi kuta vizuri, na kompyuta nyingine za zamani haziyaoni kabisa. Kwa hiyo kompyuta na isogezwe karibu na ruta, na ijaribiwe kwa yale ya 2.4.

La nne ni saa na tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa, na kompyuta ikakaa bila umeme, kalenda yake huweza kurudi nyuma miaka mingi. Hapo kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka, kwa kuwa hati za usalama wa kurasa hizo zina tarehe za kuanza na za kwisha.

La tano ni anwani. Kila chombo kilicho katika mtandao hupewa na ruta anwani ya tarakimu, na katika nyumba nyingi huanza na 192.168. Ikionekana anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kuzima na kuwasha ruta na kompyuta mara nyingi hutosha.

Turudi kwa yule binti. Simu ya mama ilipata mtandao, kwa hiyo ruta ikaachwa ilivyo. Waifai ilikuwa imewashwa, neno la siri lilikubaliwa, tarehe ilikuwa sahihi. Alipotazama anwani, akaona inaanza na 10.

"Baba, kompyuta hii uliitumia wapi mara ya mwisho?"

"Ofisini, mwanangu. Mtaalamu wetu aliiwekea namba zake."

Jibu likawa limepatikana. Kule ofisini kompyuta ilipewa anwani ya kudumu, iliyoandikwa kwa mkono, nayo ikaja nayo nyumbani kama mgeni anayeng'ang'ania adabu za kwao. Binti alizinakili namba zile katika daftari, ili baba asikwame kesho ofisini, kisha akaiamuru kompyuta ipokee anwani kutoka kwa ruta. Ilipotimu saa tatu kasorobo maombi yalikuwa yamekwenda, na hakuna aliyetoa hata shilingi moja.

Fundi ana heshima yake, na zipo hitilafu zinazomhitaji, kama vile kifaa cha waifai kilichoungua ndani ya kompyuta. Akiitwa, aelezwe yaliyokwisha kujaribiwa, na asiruhusiwe kufuta lolote kabla nakala za kazi muhimu hazijawekwa kwenye flashi. Nyumbani nako liwepo daftari lenye neno la siri, namba ya simu ya kampuni na tarehe ya kwisha kwa bando, na litunzwe mahali ambapo si kila mgeni hulifikia.

Wahenga walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kaka mdogo aliyebonyeza vitufe vitano kwa mara moja asingeweza kujua ni kipi kilichoharibu wala ni kipi kilichotengeneza. Lijaribiwe jambo moja, matokeo yatazamwe, ndipo liguswe la pili.