Picha ya Chakula: Ni Kipi Kimvutacho Mwamuzi?

Katika zama zetu hizi ni nadra chakula kizuri kuliwa kabla ya kupigwa picha. Mkono haujagusa sinia, simu zimekwisha kutolewa. Vijana wetu wengi, wake kwa waume, wamekuwa hodari wa kazi hii, na baadhi yao hutamani kupeleka picha zao katika mashindano yafanywayo nchi za nje. Basi huwajia swali: katika maelfu ya picha zinazopelekwa huko, ni ya namna gani ichaguliwayo? Aghlabu hudhani kuwa ni ile yenye sahani ya thamani, kitambaa cheupe, na jani la kotimiri lililowekwa juu kwa ustadi kama wafanyavyo wapishi wa mahoteli makubwa. Na yule ambaye kwao kuna jiko la makaa na sufuria lenye masizi hujiona hana cha kuonyesha.

Dhana hii si sawa, na ushahidi wake u wazi. Huko Uingereza kuna mashindano ya picha za chakula yaliyoanzishwa mwaka 2011 na bibi mmoja aitwaye Caroline Kenyon, nayo kwa miaka mingi yalijulikana kwa jina la Pink Lady Food Photographer of the Year, kwa kufuata jina la tufaha ambalo wauzaji wake walikuwa wafadhili. Picha iliyopata ushindi mkuu mwaka 2022 haikuwa na kitambaa cheupe wala sahani ya thamani. Ilipigwa na Debdatta Chakraborty wa India, katika mji wa Srinagar huko Kashmir, mahali paitwapo Khayyam Chowk. Hapo ni kichochoro kitulivu wakati wa mchana. Ikifika jioni hujaa majiko ya makaa na watu wenye njaa. Picha yaonyesha muuza kababu, zile za nyama zichomwazo katika vyuma, nduguze mishikaki yetu, yuko nyuma ya jiko lake na moshi umetanda, naye hana khabari na mtu ila kazi yake. Jina lake ni Kebabiyana.

Mwaka uliotangulia, 2021, ushindi ulikwenda kwa Li Huaifeng wa Uchina. Yeye alipiga picha ya familia changa katika jimbo la Shanxi wakitayarisha chakula pamoja nyumbani mwao, nuru ya jua ikiwamiminikia. Na mwaka 2023 alishinda Jon Enoch, Mwingereza, kwa picha ya muuza pamba za sukari katika mji wa Mumbai.

Zitazame picha hizi tatu, utaona jambo moja limezikusanya zote: chakula kina mwenyewe. Yuko aliyekipika, au akiuzaye, au wanaokingojea. Mwamuzi aliyekwisha kupitisha macho yake juu ya sahani mia mbili za keki, zote zimepambwa, zote safi, hasimami mbele ya ile ya mia mbili na moja kwa kuwa ni safi zaidi. Husimama pale anapotaka kujua khabari. Nani huyu? Ni saa ngapi? Chakula hiki chakwenda wapi? Sahani peke yake husema, "Mimi ni nzuri," kisha hunyamaza. Lakini mikono ya bibi anayekuna nazi juu ya mbuzi, machicha yakianguka katika sinia, ina maneno mengi.

Walakini asidhani mtu kuwa akishamtia binadamu katika picha basi kazi imekwisha. Hapana. Binadamu asiye na nuru nzuri ni kivuli tu, na nuru ndiyo inayowashinda wengi.

Chukua mfano wa moshi ule wa Srinagar. Moshi na mvuke havionekani vema ikiwa nuru yatoka nyuma ya mpiga picha ikaviangukia usoni. Huonekana nuru ikitoka ubavuni, au nyuma ya chakula chenyewe, na mbele ya mahali penye giza. Msomaji aweza kulihakikisha jambo hili leo hii kwa kikombe kimoja cha chai ya moto. Akiweke karibu na dirisha, nyuma yake pawe na kitu cheusi, mlango wa mbao au buibui lililotundikwa, kisha asimame mahali ambapo dirisha liko upande wa pili wa kikombe, lisiwe mgongoni mwake. Mvuke utasimama kama uzi. Kisha azunguke upande wa pili apige tena: mvuke umepotea, ingawa chai ni ile ile na moto wake ni ule ule.

Kwa sababu hiyo hiyo ule mwanga wa ghafla utokao katika simu ni adui wa chakula. Hukipiga usoni, ukaondoa vivuli vyote, na pasipo kivuli wali huwa ubapa mweupe usio na punje, na samaki wa kupaka akang'aa mafuta kama aliyemwagiwa maji. Zile taa ndefu nyeupe za dari nazo aghlabu huchujua rangi. Biriani yenye zafarani ikawa kama ya juzi. Jikoni mwetu kuna kitu bora kuliko vyote hivyo, nacho ni dirisha dogo au mlango wa uani. Ikiwa upande mmoja una giza mno, shika karatasi nyeupe upande huo, nayo itarudisha nuru kidogo.

Yuko Mmarekani mmoja, Edward Weston, ambaye mwaka 1930 alipiga picha ya pilipili boga moja tu, nayo mpaka leo yahesabiwa katika picha mashuhuri za karne ile. Hakuwa na sahani wala meza iliyopambwa. Aliitia pilipili ile ndani ya faneli ya bati, na bati likairudishia nuru laini pande zote, hata ikaonekana kama mgongo wa mtu mwenye nguvu. Na pilipili zake, akisha kuzipiga picha, alikuwa akizila.

Jambo hili la kula si dogo. Katika biashara ya matangazo kumekuwa na hila nyingi: gundi nyeupe mahali pa maziwa, oili ya gari mahali pa asali. Kampuni ya supu ya Campbell huko Marekani ilishitakiwa kwa kuwa katika matangazo yake gololi za kioo zilitiwa ndani ya bakuli, ili mboga zisizame na supu ionekane imejaa vitu. Shauri hilo lilimalizika mwaka 1970 kwa amri ya serikali kuikataza kampuni hiyo kufanya hivyo. Kwa maoni yangu mpiga picha wa nyumbani hahitaji hila hata moja katika hizo. Chakula kisicholika huonekana, japokuwa mtazamaji hajui kwa nini, na pilau iliyopakwa mafuta ya nywele ili ing'ae haitamfaa mtu baada ya picha.

Ama upande wa kusimama, desturi ya kupiga kila kitu kutoka juu imezidi kipimo. Sinia la pilau wanalolizunguka watu sita lafaa kutazamwa kutoka juu, kwani uzuri wake ni ule mduara na mikono inayoliendea. Mahamri yaliyoumuka, au mkate wa mofa utokao katika tanuri, hupoteza kimo chake ukiutazama hivyo. Inama mpaka jicho lako liwe sawa nao.

Sasa nakuja katika jambo lililo zito zaidi. Maadamu picha nzuri yataka mtu ndani yake, mtu huyo ana haki. Mama yako jikoni, amejifunga kanga na jasho lamtoka, huenda asipende uso wake uonekane na watu wasiomjua katika nchi asizozijua. Muulize kabla ya kupiga, na umuulize tena kabla ya kuipeleka, maana kukubali kupigwa picha na mwanawe si kukubali kuonyeshwa ulimwengu. Akikataa, omba mikono yake tu. Mikono inayosukuma chapati yatosha, na mara nyingi hupita uso. Vivyo hivyo wale wanaopanga safu kungojea futari ya sadaka. Najua kuwa picha ya mwenye njaa huvuta macho ya waamuzi upesi. Lakini mtu anyooshaye bakuli lake hakuja kuonyeshwa, na mtoto wake atakaporudi shuleni ndiye atakayeibeba picha ile. Zungumza naye kwanza. Au geuza kamera yako uwatazame wapishi na masufuria yao makubwa, moshi wa alasiri, na vijana wanaobeba ndoo za uji.

Kabla ya kupeleka, soma masharti yote, khasa yahusuyo ada, na haki ya mwenye mashindano kuitumia picha yako baadaye, na kiasi gani cha kuibadilisha kinachoruhusiwa. Mashindano haya niliyoyataja yamekuwa na mafungu ya watoto na vijana pia. Andika maelezo mafupi ya kweli: ni chakula gani, ni mji gani, ni nani aliyekipika ikiwa ameridhia kutajwa. Usiandike kuwa ni "utamu wa Afrika". Andika kuwa ni mbaazi wa nazi wa asubuhi, Tanga.

Wala usichukue muda mrefu. Mchicha hunyauka, mafuta ya nyama huganda yakawa meupe, na mvuke hudumu dakika chache tu. Panga mahali pako, dirisha lako na karatasi yako mapema, kwa sahani tupu, ili chakula kikiteremka motoni upige picha zako nne au tano, kisha uwaachie wenye njaa wale.